Goti la Mfalme

Mjane wa Ami Twaha alinipigia simu baada ya hitima, akaniomba nije nichukue ile televisheni ya chumba cha chini, maana wajukuu wameanza kuchezea nyaya zake na yeye na umeme hawaaminiani. Mimi nina vijana saba wa kazi na gari mbili zenye jina langu ubavuni. Mtu akitaka baridi kisiwani humu, kuanzia vibanda vya vinywaji vya Mama Ngina mpaka mabucha ya Tudor, iwe friji, iwe kiyoyozi, iwe chumba kizima cha barafu, ananitafuta mimi, na darasa la nane sikulimaliza. Ningetuma kijana yeyote. Nikaenda mwenyewe.

Chumba ni kilekile cha Kibokoni, ngazi tatu kushuka, mlango mfupi. Televisheni ilikuwa mahali pake, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nikaichomeka ili nione kama bado ina uhai, na baada ya dakika moja, kioo kilipoanza kupata moto, ikanuka. Nyinyi wa rika langu mnaijua harufu hiyo. Ni vumbi linaloungua polepole nyuma ya televisheni, lina utamu kidogo na ukali kidogo, kama ubani uliochomwa pamoja na waya. Mkono wangu wa kulia ukajikunja peke yake, kidole gumba juu, kama umeshika kitu.

Nilikuwa na Farid, mtoto wa dada yangu, aliyekuja kunisaidia kubeba. Akafungua mtoto wa meza akakuta kaseti ya gemu, nyeusi, karatasi yake imebanduka nusu. Akaitafuta kwenye simu. Akaanza kucheka.

Kumbe huko duniani watu wamefanya kazi nzima ya kuzipanga gemu mbovu, na hii yetu imo. Akanisomea. Mmoja ameandika kwamba katika gemu zote zilizotolewa kwenye sinema, hii ndiyo iliyoidhalilisha sinema yake kupita zote. Mwingine amesema muziki wake ni nyuki ndani ya debe. Mwingine amesema shujaa anatembea kama aliyekanyaga mwiba. Halafu mtu mmoja akauliza, je, kuna yeyote aliyewahi kuimaliza bila kupiga magoti mbele ya zile sanamu? Na wote waliomjibu wamejibu neno moja: haiwezekani.

Nikamwambia Farid, "Mjomba wako aliimaliza."

Nimekuwa nikisema hivyo miaka yote. Nimesema barazani, nimesema harusini, nimewaambia hata wenye hoteli wakati nawarekebishia mashine. Lakini siku ile nilisema nikiwa nimesimama ndani ya chumba chenyewe, na mtu mzima pekee aliyeshuhudia amezikwa juzi, na hakuna wa kunikosoa. Hapo ndipo nilipoona haya. Basi acha niseme ilivyokuwa.

Kwanza ilikuja sinema. Ilikuwa ni hadithi ya mfalme aliyeibiwa kivuli na mchawi. Asiye na kivuli hawezi kutawala, watu wanamkimbia, na mchawi anamwambia: pigia magoti sanamu langu la jiwe, nitakurudishia. Sisi watoto wa Mji wa Kale tuliiona sote, wengine mara tatu. Pale mfalme anaposimama mbele ya lile sanamu, damu inamtoka puani, magoti yanamtetemeka, halafu anayakaza na kusema hapana, ukumbi mzima ulikuwa unainuka. Watu wakipiga makofi, wanaume wazima wakitoa takbiri, kwenye picha ya Wazungu. Tulitoka pale tukitembea vifua mbele, na kwa wiki kadhaa hakuna mtoto aliyekubali kuinama hata kuokota gololi yake.

Ndipo Ami Twaha akapata kaseti. Ndugu yake aliitoa Dubai. Ami Twaha alikuwa mtu mkimya, mnene, wa kikoi na shati la mikono mirefu. Chumba chake alikifungua baada ya alasiri, tukitoka madrasa, na alikuwa na sheria mbili tu. Ukifa kwenye gemu, unatoa pedi, kile kidude cha kubonyezea, anashika mwenzako. Na adhana ya magharibi ikianza, anazima. Hasubiri umalizie. Msikiti ulikuwa hatua ishirini kutoka pale, na mkono wake ulikuwa kwenye swichi kabla muadhini hajameza mate.

Siku ya kwanza chumba kilijaa hadi dirishani. Mfalme akatokea kwenye kioo, mdogo, mwekundu, na upanga mkubwa kuliko yeye. Gemu ilikuwa na sehemu tano, sisi tukiziita milango, na katikati ya kila mlango palikuwa na sanamu. Tukadhani ni la kuvunja. Shee ndiye aliyekuwa na pedi. Huyu Shee alikuwa mwenzangu wa madrasa, mtoto mwembamba mwenye ulimi, na hakuna nilichokifanya ambacho yeye hakutaka kukifanya kabla yangu. Akapiga sanamu kwa upanga, halikuvunjika. Akabonyeza kitufe cha chini, na mfalme wetu, yule yule, akapiga magoti. Akaweka paji la uso chini. Na mstari mwekundu wa uhai ukajaa tena.

Halafu mtoto mmoja akasema polepole, "Siye huyu."

Huo ndio uliokuwa uamuzi wetu juu ya gemu ile, na nasema mpaka leo hakuna mwandishi wa gazeti aliyeupita. Maana gazeti lilikuja pia. Kaka yake Shee, aliyekuwa sekondari na Kizungu chake kizuri, alipata jarida la gemu kwa mwenzake, akatusomea tukiwa tumekaa kwenye mkeka. Jarida liliitukana: rangi mbaya, muziki mbaya, shujaa mzito. Tulikasirika kama tuliotukaniwa jamaa. Lakini tulisubiri afike penyewe, na hakufika. Hakuna hata mstari mmoja ulioandikwa juu ya goti. Mtu amekaa huko ameicheza gemu nzima, ameona mfalme anainamia jiwe ambalo kwenye sinema alikataa kuliinamia, na hakuona kitu. Shee akasema hao hawakuiona sinema. Sote tukakubali.

Basi tukajiwekea sheria yetu wenyewe. Kwetu sisi kusujudia sanamu si mchezo. Ni shirki, na mwenye kufanya shirki ametoka kwenye dini. Shee akatoa hukumu kwamba kidole kinachombonyeza mfalme ndicho kinachosujudu. Hakuna aliyempinga. Anayepiga magoti anazomewa, anatoa pedi, na hasogelei mkeka siku hiyo. Kwa sheria hiyo hakuna aliyeuvuka mlango wa nne, ule wa daraja la mifupa. Ndege wanakuja kutoka pande zote, na ukifika katikati una uhai kama uzi, na sanamu liko pale linakungoja.

Nikasema mimi nitauvuka. Nilisema sana. Nilikuwa hivyo tangu mdogo, mdomo wangu unatangulia, miguu inafuata.

Sasa, nyumbani kulikuwa na jambo jingine. Mimi nililelewa na nyanya yangu, mama wa baba. Mamangu alifariki nikiwa mchanga na baba alikuwa na nyumba nyingine kule Tononoka. Tulikaa sisi wawili katika vyumba viwili juu ya ghala la mbao. Nyanya alikuwa akishona kofia za viua, zile nyeupe zenye matundu madogo madogo, na macho ndiyo yaliyokuwa mkono wake wa pili. Mato, alivyoyaita yeye. Yakaanza kufunga ukungu. Kwanza akawa ananipa mimi nimtungie uzi kwenye sindano. Halafu akawa anashona matundu kwa kupapasa. Halafu akaweka kofia kando.

Madaktari wakasema mtoto wa jicho, atapasuliwa, Jumatatu. Nyanya hakuwa mtu wa kuogopa, lakini usiku wa siku ile niliisikia tasbihi yake ikigonga haraka kuliko kawaida. Asubuhi akaniambia nimsomee Yasin kila siku baada ya alfajiri mpaka siku yenyewe. "Mimi dua zangu zimezeeka," alisema. "Yako bado mbichi. Naitegemea hiyo."

Aliniambia hivyo mimi, mtoto wa miaka kumi. Nikaichukua kama nilivyoambiwa: macho yake yako mdomoni mwangu.

Alhamisi kulikuwa na mechi uwanja wa Tononoka na mtaa mzima ulikwenda. Mimi nilibaki kwa sababu ilikuwa nimtie Nyanya dawa ya matone alasiri. Nikamtia, nikakimbia kwa Ami Twaha. Chumba kitupu. Ami mwenyewe amekaa kwenye ngazi, ametupa mgongo, anakunywa kahawa. Sijawahi kuwa na pedi peke yangu. Nikacheza siku ile kama niliyepakwa mafuta. Mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikaingia darajani. Ndege wakaja. Nikafika katikati na uhai wa pigo moja, na sanamu hili hapa.

Sitasema kidole kilikwenda chenyewe. Nilitazama mlango, nikamwona Ami Twaha mgongo, nikabonyeza.

Mfalme akapiga magoti, uhai ukajaa, nikavuka daraja. Nikauona mlango wa tano, ukumbi mkubwa wa rangi ya zambarau ambao hakuna mtoto wa Mji wa Kale aliyewahi kuuona. Nikafa humo mara moja. Sikujali. Kesho yake niliwaeleza wote, nguzo moja moja, na walipoona najua rangi ya ukuta wakajua nimefika. Nilibebwa mabegani mpaka kona.

Shee peke yake ndiye aliyeuliza. "Bila kupiga magoti?"

"Bila."

"Apa."

"Wallahi," nikasema. Akanitazama tu. Nikaongeza, "Wallahi billahi."

Jumamosi alfajiri nilikaa mbele ya Nyanya na msahafu, nikafungua Yasin, na mdomo ukawa mkavu kama niliyekula majivu. Nikaanza. Nikaruka aya. Yeye haoni kurasa lakini sura anaijua kwa moyo, akasema, "Rudi hapo." Nikarudi, nikaruka tena. "Rudi." Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu haifiki chini, uso ameuelekeza kwangu, na macho yake yale meupe yananitazama pasipo kuniona. Nikajua. Nimetoka kwenye dini tangu Alhamisi, na hii Yasin ninayosoma haipandi popote. Inagonga dari inarudi. Jumatatu watampasua na dua iliyo juu yake ni tupu.

Nilikwenda madrasa nikamuuliza ustadhi, kwa kuzunguka, je, mtu akimfanya mwenziwe asujudie sanamu, dhambi ni ya nani? Ustadhi alikuwa anachonga kalamu. Akasema aliyemlazimisha mwenziwe ndiye mwenye dhambi kubwa zaidi, akaendelea kuchonga. Alijibu alichoulizwa, maskini. Mimi nikarudi kwenye mstari wangu na hukumu yangu.

Nikapata hesabu yangu ya kitoto. Kilichoharibiwa ndani ya gemu kitatengenezwa ndani ya gemu. Nitaanza mwanzo, nitapita milango yote mitano, sitapiga magoti hata mara moja, na nitaimaliza kabla ya Jumatatu. Ilibaki Jumapili.

Jumapili niliwahi mlangoni kabla ya Ami Twaha kufungua. Nyuma yangu wote walikuja, maana nilikwisha kutangaza, na Shee akakaa ubavuni kwangu kabisa, goti lake likigusa langu. Joto la chumba kile mnalijua. Nikashika pedi.

Mtu atauliza nilipitaje. Nilipita kwa sababu gemu ilikuwa mbovu, na nilikuwa nimeujua ubovu wake. Mfalme alichelewa kugeuka, basi nilimgeuza kabla. Ndege wakija wakikosa hawakujua kurudi, basi nilirudi nyuma hatua moja nikawaacha wapite. Kila kitu kilichomkasirisha yule mwandishi wa jarida, mimi nilikifanya ngazi. Na hivyo ndivyo ninavyofanya kazi mpaka leo. Mashine haikwambii inavyofanya kazi. Inakwambia inavyokosea, na mwenye masikio anaisikiliza hapo. Sikufundishwa chuoni. Nilifundishwa na kaseti ile.

Mlango wa tatu umeme ukashuka. Picha ikajikunja kwenye kioo mpaka ikawa kama dirisha dogo, na watoto wakashika vichwa. Nikaendelea kucheza kwa kukisia. Ukapanda. Mfalme bado yuko hai. Nje jua lilikuwa limeshahama ukuta wa mbele, kwa hiyo nilijua saa ngapi bila kuuliza.

Darajani nilifika na uhai mwingi kuliko Alhamisi. Sanamu likapita ubavuni kwangu. Sikulitazama. Nikasikia Shee akitoa pumzi. Ndege, ndege, hatua nyuma, ndege. Nikavuka, na chumba kikalipuka, na Ami Twaha akainuka kutoka kwenye ngazi akaja kusimama nyuma yetu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Ukumbi wa zambarau. Nguzo. Mchawi mwenyewe anashuka, anapigwa, anapanda, anashuka. Jasho limenijaa machoni na siwezi kufuta. Nilimpiga nikamwangusha, sijui kwa mapigo mangapi, na nyuma yake ukatokea mlango mmoja mkubwa, na kando ya mlango sanamu kubwa kupita yote. Adui hakuna tena. Kwenye kona zikaanza kuhesabika sekunde, kutoka mia moja kurudi nyuma. Nikausukuma mlango. Nikaupiga kwa upanga. Maneno ya Kizungu yakatokea chini ya kioo.

Kaka yake Shee akasoma, halafu akasita.

"Yanasemaje?" nikauliza.

"Yanasema mlango unafunguliwa na goti."

Waliotengeneza gemu ile walikuwa wameiona sinema, lazima walikuwa wameiona, na bado mwisho wake wakauweka hapo. Mtoto mmoja nyuma akasema, piga tu Athmani, umekwisha kufika, moja haidhuru. Wawili watatu wakamwunga mkono. Sekunde themanini. Shee alikuwa anakitazama kioo. Nikamgeukia. Nilitaka aniambie nipige, ili iwe yeye. Au anikataze, ili iwe yeye pia.

"Yako hiyo," akasema.

Wote walidhani ninafikiria ushindi. Mimi nilikuwa naona ukingo wa kitanda na miguu isiyofika chini. Kama nikiimaliza kwa goti, sijaimaliza. Kama nisipoimaliza, sijatengeneza kitu. Sekunde hamsini. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe na nilikisikia kinapiga kama moyo. Mfalme alikuwa amesimama mbele ya sanamu, hatembei, anapumua tu, vile walivyomchora, kifua juu, kifua chini.

Nikaweka pedi kwenye mkeka.

Nikaiweka taratibu, nikaikalia mikono yangu. Sekunde thelathini. Ishirini. Tukamtazama Mfalme. Ilikuwa kama kule kwenye sinema, isipokuwa hakuna aliyepiga makofi. Kumi na mbili. Kumi na moja. Na muadhini akasema Allahu akbar, na mkono mnene wa Ami Twaha ukapita juu ya kichwa changu, ukazima.

Picha ikaanguka ikawa nukta nyeupe, na nukta ikafifia.

Tukabaki na ile harufu ya vumbi la moto. Halafu Shee akasema, kama mtu anayetoa ushahidi, "Mimi sikumwona akifa."

Tukatoka kwenda kuswali, na mimi sikujua kama nimetengeneza au nimeharibu. Nilipofika nyumbani Nyanya alikuwa jikoni kwenye kibao cha mbuzi, ameshakuna nazi kwa kupapasa, nguo zake za hospitali zimefungwa ndani ya kanga juu ya kiti. Nilizitazama zile nguo, nikashindwa.

"Nyanya, nimesujudia sanamu."

Mbuzi ikanyamaza. "Wapi?"

"Kwa Ami Twaha. Kwenye tivii."

"Weye ulisujudu?"

"Si mimi, ni Mfalme. Lakini mimi ndiye niliyembonyeza."

Akafikiri. "Kwa kidole kipi?"

Nikampa gumba langu la kulia. Akalishika, akalipapasa kama anayechagua bamia. "Lina sugu," akasema. Akaniagiza kopo la maji, akaliosha lile gumba mara tatu, mpaka kwenye kifundo, hakucheka hata kidogo, akaniambia nitamke shahada. Nikatamka. "Basi," akasema.

Na kwa sababu mlango ulikuwa umefunguka, nikaendelea. Nikamweleza kwamba niliwaambia wenzangu nimevuka bila kupiga magoti.

"Uliwaambiaje?"

"Niliwaambia wallahi."

Mkono wake ukasimama juu ya wangu. "Mara ngapi?"

"Mbili. Na billahi moja."

Siku tatu zote nilikuwa nimeogopa kidole, na ulimi sikuufikiria hata mara moja. Yeye kidole alikimaliza kwa kopo la maji. Ulimi ndio uliomfanya anyamaze mpaka nikaanza kulia. "La kidole limekwisha," akasema. "Hilo jingine utafunga siku tatu. Na utakwenda umwambie mwenyewe uliyemwapia."

Nikafunga, kuanzia Jumatatu yenyewe. Shee nilimwambia siku ya pili, kwenye kona ileile nilikobebwa. Akasema na yeye alipiga magoti, mlango wa tatu, siku moja ya mvua.

Walipomfungua Nyanya kitambaa, jicho la kulia liliona. Alinitazama juu mpaka chini, na neno la kwanza lilikuwa, "Mbona umekonda hivi?" Nilicheka nikalia. Lakini la kushoto lilibaki jeupe vilevile. Mimi nilikuwa nimeelewa yatapona yote mawili. Hakuna aliyeniambia hivyo, nilielewa tu. Nikajifanyia hesabu yangu tena: sala zangu zilifika nusu. Jicho moja ni la Jumapili niliyoacha pedi. Jingine ni la Alhamisi.

Nililibeba hilo. Mnaniona na gari zangu na vijana wangu, lakini nililibeba hilo tangu miaka kumi mpaka nina masharubu. Sikukosa alfajiri. Kila Jumatatu nilifunga. Kila alipogeuza kichwa kizima ili anione nikiwa upande wake wa kushoto, nilihamia upande wa kulia. Na nilipoacha shule na kuanza kujifunza friji, mshahara wangu wa kwanza wa maana sikununulia kiatu. Nilimpeleka kwa daktari mkubwa wa macho.

Daktari alimulika lile jicho la kushoto dakika nyingi. Akaniita pembeni. Akasema hili lilikufa zamani, kwa presha ya ndani ya jicho, si mtoto wa jicho. Nikamuuliza zamani lini. Akasema, kwa anavyoliona, kabla mimi sijaanza shule.

Nikatoka mpaka kwenye baraza la hospitali nilikomwacha Nyanya, nikakaa kwenye benchi. Nikamweleza alichosema daktari.

"Najua," Nyanya akasema. "Jito hilo liliniaga nikiwa bado nakubeba mgongoni."

"Ulijua? Miaka yote hii? Mbona hukuniambia?"

Akaweka sawa buibui lake. "Ulikuwa waswali vizuri, mwanangu. Niliona nisikukatize."

Nilitaka kukasirika. Nilijaribu kweli, nikashindwa, nikacheka mpaka nesi akatoka mlangoni kututazama, na Nyanya akanipiga kofi la paja ninyamaze. Ameshatangulia sasa, Mungu amrehemu. Kofia ya mwisho aliyoshona kwa jicho lile moja ninayo, siivai, naihifadhi.

Farid alikuwa bado na simu mkononi, kidole gumba juu ya kioo. Televisheni ilikuwa inanuka kati yetu. Akaniuliza, "Niwaandikie nini, mjomba? Kwamba uliimaliza?"

Nikaizima kwanza, nikaingoja ile nukta ifife.

"Andika muziki ni mbaya, hilo ni kweli. Andika anatembea kama ana mwiba, ni kweli pia. Andika haimalizwi bila goti, na mimi niliyapiga magoti mara moja, nikaapa sikupiga. Halafu andika mara ya pili nilimwacha Mfalme amesimama, na hakuna aliyemwona akifa."